Silabi Niliyoifuta

Ikiwa neno ni sahihi katika kila kitabu nilichowahi kusoma, na kila mtu aliyelisoma akalielewa kinyume, ni nani aliyekosea: aliyeliandika au aliyelisoma? Nimejiuliza swali hili nikiwa nimekaa upande wa mwandishi, nikajiuliza tena nikiwa upande wa msomaji, na mara zote mbili nimejikuta ninakubaliana na yule niliyekaa upande wake. Sina jibu. Ninachoweza ni kueleza jinsi swali lenyewe lilivyonifikia, kwa sababu halikunifikia darasani, mahali ambapo ningelitarajia, bali katika duka la vitenge mjini Gisenyi, Rwanda, mbele ya wanawake saba waliokuwa wamechoka na kukasirika.

Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane, na nilikuwa mwanagenzi. Shule ya binafsi nilikofundisha Kiswahili kwa muda mrefu ilifunga milango yake bila ugomvi wowote. Wanafunzi walipungua mwaka hadi mwaka, mpaka siku moja tukabaki walimu wengi kuliko madawati yaliyokaliwa. Nikakaa nyumbani nikitafsiri vyeti vya ndoa na barua za watu. Kisha nikaona tangazo la kampuni ndogo inayotangaza biashara za watu mtandaoni: walitaka wanagenzi wawili kwa miezi mitatu, mmoja wao awe mwandishi mzuri wa Kiswahili, na mwisho wa miezi hiyo mmoja kati ya wawili hao angeajiriwa. Tangazo halikutaja umri. Mke wangu alisema huenda walisahau.

Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la saruji na misumari, na ilipandwa kwa ngazi ya nje. Dirisha moja lilionyesha kipande cha ziwa kati ya mapaa mawili ya mabati. Jingine lilitazama barabara inayoteremka kwenda mpakani, ambako kuanzia alfajiri wanawake walipita na mabeseni ya nyanya, makreti ya mayai na madumu ya maziwa kwenda Goma, upande wa Kongo. Bosi wetu alikuwa na miaka thelathini na kidogo. Alikulia Kampala, na Kiswahili chake kilitosha kuagizia chakula tu, kwa hiyo tulizungumza naye Kinyarwanda. Maneno yake nitakayoyaandika hapa nimeyageuza mwenyewe, na huenda nimeyanyoosha kuliko yalivyokuwa. Aliniita Muzee, kwa heshima siku za mwanzo, baadaye kwa mazoea.

Sikuielewa kazi ile. Nilijua, kwa mfano, maana ya kitenzi "kufikia", nami nilikuwa nimekifundisha pamoja na kauli zake zote. Pale ofisini chapisho "lilifikia" watu ambao hawakutoka walipokuwa wala hatukuwahi kuwaona, na bosi alifurahi au kuhuzunika kutegemea wingi wao. Niliandika maelezo ya picha za nyumba za wageni, za samaki wa kuchoma, za saluni. Kila asubuhi nilipewa picha, na kila asubuhi niliiandikia aya nzima.

"Muzee," bosi aliniambia wiki ya kwanza, "hii alama ni nini?"

"Ni nukta mkato."

"Nani anasoma nukta mkato kwenye simu, amesimama kwenye foleni ya maji?"

Nikaiondoa. Nilijiambia kwamba ninajifunza, lakini sikuweza kusema ninajifunza nini.

Mwanagenzi wa pili alikuwa mwanamke aliyekaribia miaka thelathini, kutoka kata ya Rubavu, karibu kabisa na mpaka. Alikuwa ameuza samaki na muda wa maongezi wa simu kabla ya kusoma kozi fupi ya kompyuta, na mama yake alikuwa bado anavuka kila siku na mzigo. Nusu ya ndugu zake waliishi Goma. Yeye ndiye aliyepiga picha, ndiye aliyechagua tangazo lionekane katika simu za watu wa aina gani na wa mji gani, na ndiye aliyebonyeza kitufe cha kulitoa. Alinifundisha mambo hayo mara nyingi bila kunung'unika. Aliniita Mwalimu. Kiswahili chake kilikuwa cha mpakani: mutu badala ya mtu, bitu badala ya vitu, na Kifaransa hapa na pale. Kazi yangu, kwa agizo la bosi, ilikuwa kukipitia kabla hakijatoka.

Sote wawili tuliitaka ile nafasi moja, na sote wawili tulijifanya hatuizungumzii. Mara moja tu aliniuliza, tukila mandazi dirishani: "Mwalimu, bakikuchukua we, mi utanisaidia kutafuta kazi ingine?" Nikasema ndiyo. "Na bakinichukua mi?" Nikasema nitarudi kwenye vyeti vya ndoa. Akacheka. "Batu banaoa kila siku. We hautakosa." Yeye, aliniambia, akikosa nafasi ile angerudi kubeba beseni nyuma ya mama yake, na alikuwa amemwahidi mama yake kwamba itakuwa kinyume: mama ndiye atakayeacha kuvuka.

Mteja wetu mpya alikuwa mama wa Kiislamu wa familia ya zamani ya wafanyabiashara wa mjini, ambaye kila mtu alimwita Hajati. Duka lake lilikuwa na vitenge hadi darini, na nyuma yake mafundi cherehani wawili. Alitaka wanunuzi kutoka Goma kabla ya Idi. Tulipompelekea rasimu, alitazama picha kwa muda mrefu akiisogeza simu mbali na macho. "Mi naangalia picha tu," alisema. "Maandishi ni ya bale benye macho. Nyinyi njo munajua."

Alhamisi moja mwenzangu aliandika: *Tunauzisha bitenge mupya. Mukuye muone.*

Nikaketi kwenye kiti chake, nikaanza kusahihisha. Sikuwa na haraka wala sikuwa na dharau. Nakumbuka kwamba nilijisikia vizuri, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, kwa sababu hatimaye kulikuwa na jambo nililolijua. Bitenge nikavifanya vitenge. Mupya nikaifanya vipya. Kisha nikafika kwenye kitenzi, nikaifuta ile -ish-, silabi moja, ikabaki *Tunauza*. Nikaongeza "kwa bei nafuu", kwa kuwa bosi alipenda bei itajwe, na mwito wa mwisho nikaufanya "Karibuni dukani".

Mwenzangu alikuwa amesimama nyuma yangu. "Mwalimu, ile 'tunauza' batu ba Goma batasikia ingine kitu."

Nikamweleza. Nilimwambia kwamba mwenye bidhaa huuza. Kuuzisha ni kumfanya mtu mwingine auze, kama vile kulisha ni kumfanya mtu ale. Nilimpa mifano mitatu. Naweza kuiandika hapa yote mitatu, kwa kuwa ninaikumbuka, lakini inanitia haya. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mi najua vile unasema," alijibu. "Lakini sisi kwa Kinyarwanda iko kugura na kugurisha. Donc kwa Kiswahili iko kuuza na kuuzisha. Mutu akisema 'naenda kuuza chumvi', anaenda dukani na chupa haina kitu, anarudi na chumvi."

"Hilo ni kosa lililoenea," nikasema.

"Bon," akasema, akatabasamu. "We njo Mwalimu."

Akaketi, akachagua wanawake wa Goma wapendao mavazi na biashara, akabonyeza kitufe.

Jumatatu kabla ya saa nne asubuhi Hajati alimpigia bosi simu, na sote watatu tukasikia sauti yake ingawa simu ilikuwa sikioni mwa bosi. Tukashuka ngazi, tukaenda kwa miguu. Mbele ya duka walikuwapo wanawake saba, na miguuni pa kila mmoja palikuwa na furushi lililofungwa kwa kamba. Mafundi cherehani walikuwa wameacha kushona ili wasikie vizuri.

"Mulituita," mmoja wao alikuwa akimwambia Hajati. "Sasa tumekuya, munasema muko na duka yenu."

"Nani aliita? Mama, angalia nyuma yangu. Hii yote ni nini? Ni bitenge. Mi nina bitenge mpaka juu, niuze bitenge yenu ya nini?"

"Si wewe uliandika unauza?"

"Nani alisema mi nauza?" Hajati akapiga kiganja juu ya meza. "Mi nauzisha. Toka babu yangu, sisi tunauzisha."

Nilisimama pale barabarani nikahisi kana kwamba mtu ameipindua karatasi niliyokuwa nikiisoma. Hajati mwenyewe, mwenye duka, aliyeyakubali maneno yetu bila kuyasoma, alikuwa akikanusha kwa hasira sentensi niliyomwandikia. Akilini mwangu alikuwa anasema, "Nani alisema mimi ninanunua?" Masikioni mwangu alikuwa anasema jambo jingine. Kwa muda sikujua nimwamini nani kati ya akili na masikio.

Mwanamke mmoja, mkubwa kuliko wenzake, alikuwa ameketi juu ya furushi lake. Hakupaza sauti. Alinitazama, nadhani kwa sababu ya miwani yangu, akaninyooshea simu yake.

"Baba, we unajua kusoma, sivyo? Soma na wewe."

Nikasoma: "Tunauza vitenge vipya kwa bei nafuu. Karibuni dukani."

"Umesikia? Mwenyewe umesema."

"Na tena banatutukana," akasema mwingine, mwembamba, mwenye kofia ya sufi. "Banataka kuuza yetu kwa bei ya chini, na banaandika wazi bila haya. Tukasema tukuye tuone huyo mutu mwenye roho ngumu hivi."

Wawili watatu wakacheka, na Hajati naye akakaribia kucheka, kisha akakumbuka kwamba amekasirika. Yule aliyeketi hakucheka. Aliniuliza, kwa upole ulionishinda: "Sasa baba, tufanye nini? Mi niliacha kiti yangu sokoni huko. Tulipanga mustari tangu saa kumi na mbili."

Mwenzangu ndiye aliyeinama, akamsaidia kuinua furushi, akamwambia kwamba liko duka moja karibu na stendi ambalo huchukua vitenge vya Goma, na kwamba atawasindikiza. Wakaondoka naye mmoja baada ya mwingine, mwenye kofia akiwa wa mwisho. Alipopita karibu yangu alisema, si kwa ubaya, "Muzee, andika kabisa ile unataka."

Bosi alibaki kumtuliza Hajati. Hajati alisema hataki tena matangazo yetu, kisha akasema atafikiri, kisha akasema apewe jina la aliyemfanyia hivi. Bosi akamwahidi kwamba atapewa kesho yake saa tatu.

Kilichotokea ofisini baadaye kilikuwa kifupi, na nimekipitia mara nyingi mno kiasi kwamba sina hakika tena na kila neno. Mwenzangu alirudi kutoka stendi, viatu vyake vikiwa na vumbi la volkano hadi kwenye vifundo. Bosi alikuwa amefungua kompyuta mahali ambapo programu huandika nani ametoa chapisho. Lilikuwa jina la mwenzangu.

"Nilisema kila neno lipite kwa Muzee," bosi akasema.

"Limepita kwake," akajibu.

Bosi akanigeukia. Uso wake haukuwa na tuhuma yoyote. Alikuwa akiuliza kama mtu anavyouliza kamusi. "Muzee, neno lina kosa?"

Nikasema: "Neno ni sahihi."

Ni kweli nilisema hivyo, na nilichokisema kilikuwa kweli. Ningeapa mbele ya wahadhiri wangu wote. Lakini niliona papo hapo neno hilo likienda mahali ambapo sikulituma. Bosi akaitikia kwa kichwa taratibu, akaelewa, kwa mantiki ambayo siwezi kuilaumu, kwamba ikiwa maneno hayana kosa, basi kosa liko kwingine: tangazo limeonyeshwa watu wasiostahili. Limeonyeshwa wachuuzi badala ya wanunuzi. Na kuchagua watu ilikuwa kazi ya mwenzangu.

"Uliwatafutaje hawa?" akamwuliza.

Mwenzangu alinitazama. Hakunitazama kwa kunisihi, wala kwa kunilaumu. Alinitazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kusema. Nilifungua mdomo. Nilitaka kuongeza kwamba neno ni sahihi, lakini yeye alikuwa ameandika jingine, nami nikalifuta, lakini lile jingine si sahihi, lakini hapa ndilo linaloeleweka. Sentensi ile ilikuwa na "lakini" tatu, na nilipokuwa nikitafuta jinsi ya kuifupisha, bosi alikwisha kuendelea.

"Basi kesho usije," akamwambia. "Nitamwambia Hajati. Mambo ya Ijumaa nadhani yameamuliwa."

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kutangaza nani anabaki. Kwa hiyo nafasi ilikuwa yangu. Niliipata kwa kusema maneno matatu yaliyo sahihi.

Alichukua chaja yake na kikombe chake cha plastiki. Nikamfuata hadi ngazini, na kule chini wapakiaji walikuwa wakishusha mifuko ya saruji, kwa hiyo tulilazimika kusimama katikati ya ngazi na kungoja.

"Kwa nini hukusema?" nikamwuliza. Hata sasa nashangaa kwamba mimi ndiye niliyeuliza.

"Niseme nini? We ulisema neno ni sahihi. Na ni sahihi, sivyo?"

"Ni sahihi."

"Eh. Sasa mi niseme nini juu ya ile?" Akafuta vumbi mkononi. "Mwalimu, we usijali. Mama atafurahi, beseni lake la pili liko tu nyumbani linangoja kichwa."

Alisema kwa mzaha, na nikacheka. Kisha wapakiaji wakapisha njia, akashuka.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilitembea kando ya ziwa mpaka mahali ambapo barabara ya Nyamyumba huanza kupanda, nikarudi, nikatembea tena. Nilijaribu kuliweka jambo hilo katika mpangilio kama nilivyozoea kuweka sentensi: mtenda, kitendo, mtendwa. Kila mara mtenda alibadilika. Ni mimi niliyefuta silabi. Ni yeye aliyebonyeza. Ni wale wanawake waliosoma vibaya. La, hawakusoma vibaya, walisoma lugha yao. Lakini lugha yao si ile ile yangu? Na kama si ile ile, kwa nini nilipewa kazi ya kuisahihisha, na kwa nini niliikubali?

Kisha nikamkumbuka mama yangu, na sikupenda kumkumbuka pale.

Wazazi wangu waliishi Karagwe, upande wa Tanzania, wakiwa wakimbizi, nami nilizaliwa huko. Mama hakukijua Kiswahili vizuri. Siku moja, nikiwa na miaka saba au minane, alinishika mkono tukaingia dukani, akasema kwa ufasaha aliokuwa ameuandaa njiani: "Nimekuja kuuza sukari." Mwenye duka akaangalia mikono yake mitupu, akaangalia kikapu chake kitupu, akauliza, "Iko wapi hiyo sukari, mama? Tuione." Watu waliokuwa wamekaa barazani wakacheka. Mama alicheka nao, kwa kuwa hakuelewa. Mimi nilielewa. Nadhani kila kitabu cha Kiswahili nilichosoma baada ya hapo, hadi chuo kikuu, nilikisoma nikiwa bado nimesimama katika lile duka. Lakini kwa miaka yote hiyo niliamini kwamba mama alichanganya maneno mawili kwa haraka au kwa woga. Haikunijia hata mara moja kwamba alikuwa na kanuni. Alipaswa kucheka yeye, au walipaswa kucheka wao? Hilo nalo sijui.

Nilimkuta mke wangu uani akichambua maharage, jua likiwa bado juu ya vilima vya Goma. Yeye ni mzaliwa wa hapa. Nilimwuliza kwa Kinyarwanda, bila utangulizi: "Kwa Kiswahili cha sokoni, kuuza ni nini?"

"Ni kugura," akasema bila kuinua kichwa. Yaani kununua.

"Na kuuzisha?"

"Kugurisha. Unanipa mtihani?"

"Na mimi ninaposema ninauza kitu, huwa unaelewa nini?"

Hapo akaniangalia. "Naelewa kwamba ni wewe unayesema. Nageuza."

"Tangu lini?"

"Tangu tuoane."

Nikaketi juu ya ndoo iliyofunikwa, nikamsimulia yote. Alichambua maharage mpaka nilipomaliza, akitupa mabovu kwa kuku. Nilipofika kwenye "neno ni sahihi", mkono wake ulisimama kidogo, kisha ukaendelea.

"Kwa hiyo nilikosea?" nikauliza.

"Mimi sijui mambo ya sarufi."

"Sikuulizi sarufi."

"Unaniuliza sarufi tangu ulipoingia." Akapepeta ungo. "Yule dada kesho anaenda wapi?"

Nikamjibu kwamba anaenda mpakani, pengine, na mama yake.

"Na wewe unaenda wapi?"

"Kazini."

Akasema, "Haya," akaingia ndani kuweka maharage jikoni.

Nilibaki pale uani mpaka jua lilipozama. Sikuamua kwamba nilikosea. Napenda jambo hili lieleweke, kwa sababu rafiki zangu niliowasimulia hudhani kwamba niliona mwanga fulani. Sikuona. Niliamua jambo dogo zaidi: kwamba kabla ya saa tatu, kabla bosi hajampigia Hajati, nitamweleza nilichokifanya kwa vidole vyangu siku ya Alhamisi, na kwamba nitaeleza bila "lakini" hata moja. Kama kitendo kile kiliitwa kosa au la, jina lake wangelitafuta wengine. Hilo la kutotumia "lakini" lilinitoa jasho kuliko lile la kukosa kazi. Nilijaribu sentensi hiyo kimoyomoyo mara kadhaa, na kila mara nilipofika mwishoni ulimi ulikuwa tayari kutetea kamusi.

Asubuhi nilipanda ngazi saa mbili kasoro. Bosi alikuwa peke yake, akinywa chai ya maziwa huku akisoma simu. Sikuketi.

"Tangazo la Hajati," nikasema, "mwenzangu aliliandika kwa neno jingine. Aliandika neno ambalo watu wa Goma wangeelewa kwamba tuna vitenge vya kuwapa. Nililifuta mimi, nikaweka langu. Aliniambia wataelewa vibaya. Nilimwambia akae kimya."

Hilo la mwisho halikuwa kweli kwa herufi. Sikumwambia akae kimya, nilimpa mifano mitatu. Nililiacha hivyo.

Bosi aliweka kikombe chini. "Jana nilikuuliza kama neno lina kosa."

"Uliniuliza."

"Ukasema ni sahihi."

"Ndiyo."

"Sasa, Muzee, ni sahihi au si sahihi?"

"Sijui."

Nadhani bosi angenielewa zaidi kama ningelia, au kama ningejitetea. "Hajati anataka jina saa tatu," akasema. "Nimpe lipi?"

"Langu."

"Na Ijumaa?"

"Ijumaa ni yako kuamua. Watu aliowachagua mwenzangu walikuwa ndio hasa. Walisoma wakaja."

Akakuna shingo, akageukia dirisha la barabara, ambako wanawake walikuwa wanateremka na mabeseni yao, kisha akachukua simu, akatafuta namba. Nilidhani anampigia Hajati. Simu ilipoanza kuita, akaninyooshea mimi. "Mwambie wewe aje leo," akasema. "Mimi Kiswahili changu si kizuri." Sijui kama ulikuwa mzaha.

Simu ikapokelewa. Nyuma ya sauti ya mwenzangu kulikuwa na watu wengi, mtu akipaza sauti kuhusu foleni, kuku wakilia ndani ya kitu fulani.

"Mwalimu?"

Nikamwambia: bosi yuko hapa anasikia, neno nililifuta mimi, na wewe ulinionya, anakuhitaji ofisini leo, si kesho.

"Mwalimu, iko kelele hapa, sisikii. Sema tena."

Bosi alikuwa amesimama, mikono mfukoni, akinisikiliza. Nikaisogeza simu karibu na mdomo, nikasema tena yote kuanzia mwanzo, kwa sauti kubwa zaidi.